Maiti Alisema Nini

Kibanda cha Lugembe kiko chini ya Bugando,
ukuta mmoja bati, ukuta wa pili jabali,
na mabenchi ni mbao zilizobaki
kwa jirani yake, fundi majeneza.
Ukikaa vibaya, msumari unakukumbusha.

Kazi yangu ni mdomo.
Mchina akipigwa teke, ninayelia ni mimi.
Mhindi akipenda, natongoza kwa niaba yake.
Mia tano kwa kichwa, watoto nusu,
kipaza sauti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Jumanne ile Lugembe akaleta flashi
aliyoachiwa na mzungu mwenye deni la chapati:
filamu za Ayalandi, fupi kama mikia ya mbuzi.
Nikauliza, Ayalandi ndiyo wapi?
Akasema, kisiwa. Kama Ukerewe, ila mvua haikati.

Ya kwanza: mtu kamshitaki ng'ombe wake
kwa kumtazama vibaya. Ng'ombe akashinda kesi.
Ya pili: mapacha wazee, nyumba moja,
hawajasemezana miaka thelathini. Wanaandikiana barua,
na tarishi anatoka mjini kwa baiskeli, kilomita kumi na nne,
kumpa huyu ya yule
mezani, wakinywa supu ya bakuli moja.
Siku tarishi alipokufa, mmoja akapiga chafya.
Mwenzake akasema, "Afya,"
kisha akaenda kujinyonga kwa aibu.

Kimya. Halafu sauti ya nyuma:
"We Shija, ndiyo imeisha?"
Dakika tisa! Hata karanga hazijapoa.
"Staa yuko wapi? Rudisha mia tano!"

Nikaweka ya tatu mbio mbio.
Msiba. Sebule ndogo, mvua dirishani,
jeneza limelazwa juu ya viti vya jikoni,
wafiwa wanagombea kiti cha marehemu,
kile chenye mguu uliofungwa kamba.
Kiingereza chao ni cha mtu anayetafuna kiazi cha moto,
sikushika hata neno. Nikatafsiri hivyo hivyo:
mjane nikampa kesi ya kiwanja cha Igoma,
shemeji nikampa deni la mabondo,
padri nikamfanya mwenyekiti wa mtaa.
Watu wakatulia. Walikuwa wanawajua wote.

Kisha maiti akainuka.
Akaketi ndani ya jeneza, tai imenyooka,
akawatazama mmoja mmoja,
akafungua kinywa

umeme ukakatika.

Hakuna aliyeondoka.
"Kasema kiti ni changu," akasema Nyamizi muuza vitumbua.
"Wapi! Kauliza nani kalipia sanduku."
Mtu wa mwaloni, ananuka dagaa hadi kwenye kope:
"Kasema, mbona mmechelewa hivi?"
Fundi majeneza akakohoa mlangoni:
"Kalalamikia mbao. Wote hulalamikia mbao."
Tukacheka hadi benchi likavunjika.

Ndipo Mama Milembe, pole pole, gizani:
"Mume wangu tulimzika Sengerema mwaka wa mafuriko.
Siku ya arobaini simu ikalia, ni mochwari,
njooni mchukue ndugu yenu.
Yule tuliyemlilia hatumjui mpaka leo.
Kaburi lake nalifagia. Nimemzoea."

Mtu akaanza kucheka, akaziba mdomo.
"Cheka, baba," akamwambia.
"Mimi ilinichukua miaka mitatu."

Umeme uliporudi, deki ikaandika: hakuna kitu.
Lugembe akafunga.

Flashi nikampelekea binamu yangu aliyesoma.
Akasikiliza mara tatu, sikio kwenye simu.
"Anasema, fungeni mlango, baridi inaingia."
Basi?
"Basi."

Sijamwambia mtu.
Kesho yake walikuja hamsini na tatu,
mia tano mkononi, kila mmoja na jibu lake,
na tangu hapo, saa moja jioni, namfufua,
nampa maneno mapya, mlango uko wazi,
joto la majabali linaingia na mbu wake.
Jana alishukuru kwa kufagiliwa kaburi.
Mama Milembe, benchi la mbele,
akajibu, "Karibu."